Bunduki mpya, mkwaruzo mpya: maswali ya wamiliki wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye leseni, aliyenunua bunduki kwa mwuzaji anayetambulika kisheria, kisha akaifikisha nyumbani Masasi, Nachingwea, Newala au Kilwa na kukuta si safi kama alivyotarajia. Nyingi ya silaha hizi ni bunduki za marisau, zile ambazo wengine huziita shotigani, kwa hiyo majibu mengi yanazihusu hizo. Mwenye raifo atapata lake humo humo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usinishangae mbele: kasoro nyingi za sura hazina madhara. Bunduki nilizoona zikiharibika ukanda huu ziliharibiwa na mikono iliyotaka kuzipendezesha.

Nimefungua boksi nyumbani nimeona mkwaruzo mtutuni. Nifanye nini kwanza?

Hakikisha haina risasi. Ndiyo, hata kama ni mpya na imetoka dukani leo. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, fungua, tazama kwa macho chumba cha risasi, pitisha kidole. Ukishamaliza hapo ndipo uangalie mkwaruzo.

Kisha usiifute, usiisugue, usiipige hata risasi moja. Toa boksi na karatasi zake zote nje kwenye kivuli chenye mwanga mzuri, piga picha za kasoro kwa karibu na kwa mbali, na piga nyingine ya namba ya silaha. Linganisha namba hiyo na iliyoko kwenye risiti, kwenye boksi na kwenye leseni yako. Kwenye bunduki za kukunja, zile zinazofunguka katikati ili kutia risasi, namba mara nyingi hurudiwa mtutuni, kwenye mwili wa chuma na kwenye chuma cha mbao ya mbele, kwa hiyo zitazame zote.

Mpigie mwuzaji siku hiyo hiyo, halafu mtumie ujumbe wa maandishi wenye picha. Simu peke yake haitoshi, kwa sababu baadaye kila mtu hukumbuka maneno yake. Picha hizo ni za mwuzaji na za polisi wakizihitaji. Kuziweka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa ni kuwatangazia watu kwamba nyumba fulani ina bunduki.

Nitajuaje kwamba ni kasoro ya sura tu na si hatari?

Hili ndilo swali lenyewe, na nitakaa nalo kidogo.

Anza na mtutu. Mkwaruzo ni mstari juu ya ngozi ya chuma: ukipitisha ukucha unakwama kidogo au haukwami kabisa, na chuma chenyewe hakijabadilika umbo. Bonde ni jambo lingine. Mtutu wa bunduki ya marisau ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia katikati kuelekea mdomoni ukuta wake mara nyingi huwa karibu na milimita 1 au chini yake. Bonde la nje, hata dogo kama punje ya mtama, huwa limeingia ndani. Marisau na kifuniko chake hupita hapo kwa kasi na kulisugua kila unapofyatua. Ondoa mitutu kwenye mwili wa bunduki, inua kuelekea kwenye anga (jua usilitazame) na uchungulie kupitia upande wa nyuma. Ndani mtutu mzima huonyesha duara za mwanga zilizonyooka. Bonde huonekana kama kivuli cha mwezi mwandamo upande mmoja. Uvimbe huonekana kama pete nyeusi inayozunguka. Ukiona kimojawapo, hiyo si kasoro ya sura. Bunduki isipigwe, irudi.

Kama ni ya mitutu miwili, kuna kipimo cha mafundi wa zamani. Ning'iniza mitutu peke yake kwa uzi, igonge taratibu kwa kipande cha mti. Ikilia kama kengele, lehemu iliyounganisha mitutu na reli ya juu imeshika vizuri. Ikitoa sauti ya mkwaruo au ya kufa, kuna mahali pameachia.

Mbao nazo zina udanganyifu wake. Mshipa wa mti na ufa hufanana sana machoni. Tazama shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, na nyuma kabisa ya chuma mahali mbao inapokea teke la bunduki. Bana kidogo kwa vidole viwili huku ukitazama mstari unaokutia shaka: ufa hufunguka na kufunga, mshipa haubadiliki. Ufa hapo utapasuka zaidi kwa risasi chache, na kitako kilichokatika wakati wa kufyatua huumiza mkono na uso.

Halafu funga bunduki na uitikise. Mpya isicheze. Upande wa nyuma wa mitutu ukae sawasawa na uso wa mwili wa chuma, bila mwanga kupenya. Jaribu kifungio cha usalama: kikiwa kimefungwa, kifyatulio kisifanye kazi. Mwenye raifo aangalie mdomo wa mtutu kwa makini zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu pengo dogo kwenye ukingo huo, hata likionekana kama urembo uliokosewa, huharibu shabaha.

Ukiwa na shaka baada ya yote haya, chukulia kwamba ni hatari mpaka fundi mwenye leseni aseme vinginevyo.

Mkwaruzo wa nje unapunguza shabaha au nguvu ya bunduki?

Hapana.

Kuna mistari midogo myembamba kwenye chuma, yote inaelekea upande mmoja. Nimeuziwa iliyotumika?

Huenda hujauziwa iliyotumika. Hiyo ni mistari ya mashine ya kuchonga chuma ambayo kiwanda hakikupoteza muda kuing'arisha, hasa sehemu za ndani zisizoonekana bunduki ikifungwa. Bunduki za bei nafuu zinazo kwa wingi, na unafuu wa bei umetoka hapo hapo. Iliyotumika utaijua kwa dalili nyingine: masizi ndani ya mtutu, alama za matumizi kuzunguka tundu la pini ya kufyatulia, vichwa vya skrubu vilivyochubuliwa na bisibisi isiyo saizi yake. Skrubu iliyochubuliwa kwenye bunduki inayoitwa mpya inanitia shaka kuliko mkwaruzo wa urefu wa kidole.

Kitako kina rangi ya kahawia iliyokolea, mbao ya mbele imepauka. Ni haki hiyo?

Mbao za bunduki nyingi hutoka kwenye mti wa jozi, na vipande viwili vya mti mmoja vinaweza kutofautiana sana. Viwanda vya bei ya juu hulinganisha vipande. Vya bei ya chini huchukua kipande kinachofuata. Si kasoro ya kudai, labda kama ulionyeshwa picha ya bunduki ile ile ukaletewa nyingine. Pengo kati ya mbao na chuma ndilo la kuangaliwa. Mbao ikizidi chuma kidogo si neno. Ikipungua ukaona nafasi nyuma ya mwili wa chuma, teke la bunduki halipokelewi sawasawa, na hapo tunarudi kwenye habari ya nyufa.

Weusi wa mtutu umetoka mahali padogo, chuma cheupe kinaonekana. Si naweza kupaka kitu mwenyewe?

Ningekuomba usipake. Weusi ule wa kuelekea samawati si rangi iliyopakwa juu. Ni chuma chenyewe kilichobadilishwa uso wake kwa dawa na joto, na tabaka lake kwa kawaida lina unene wa mikroni 1 au 2 tu, wakati unywele wa mtu unazidi mikroni 50. Ndiyo maana kusugua kidogo kunalimaliza.

Asidi hulimaliza upesi zaidi. Mbinu ya jikoni ya ndimu na majivu inayotakatisha masufuria Mtwara nzima huondoa weusi wa bunduki ndani ya dakika chache. Siki hufanya hivyo hivyo, na dawa nyingi za kuondoa kutu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi pia. Stilwaya na msasa sina haja ya kuvieleza. Mtu huanza na alama ya sentimita 1, anasugua ili ilingane na jirani yake, na jioni ana mtutu mweupe wa shubiri nzima.

Sasa uweke mtutu huo mweupe Shangani au Mikindani, au Kilwa Masoko, ambako hewa ina chumvi usiku na mchana. Chuma huliwa haraka unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, na chumvi hushusha kiwango hicho. Kwa mwambao wetu, huo ndio unyevu wa kawaida. Tabaka la weusi halizuii kutu lenyewe, lakini linashika mafuta, na mafuta ndiyo yanayozuia. Ukiliondoa umeondoa vyote viwili.

Dawa za kurudishia weusi bila joto zipo, na baadhi zina kemikali ya seleniamu ambayo ni sumu. Rangi yake haifanani sana na ya kiwandani, na kazi hiyo ni ya fundi wa silaha. Wewe weka tone la oili nyepesi ya madini pale palipochubuka, ile ya cherehani inatosha, kisha ufute ibaki filamu tu. Kama umeshaamua kudai kwa mwuzaji, piga picha kabla ya kuweka tone hilo na umweleze.

Nimekuta madoa ya hudhurungi. Ni kutu?

Inawezekana ni grisi. Bunduki zinazosafiri kwa meli hupakwa grisi nzito kiwandani, na ikikaa miezi kwenye joto la kontena huganda na kubadilika rangi. Gusa kwa kitambaa cha pamba chenye oili kidogo. Ikifutika na chini yake chuma ni cheusi safi, ilikuwa grisi. Kitambaa kikitoka na wekundu lakini chuma ni laini kwa ukucha, ni kutu ya juu juu, inayoondoka kwa oili na subira. Ukihisi vishimo, chuma kimeshaliwa, na bunduki yenye vishimo haiitwi mpya. Ndani ya mtutu na ndani ya chumba cha risasi vishimo hivyo vina uzito zaidi.

Grisi hiyo hiyo isibaki ndani ya mtutu siku ya kwanza ya kufyatua. Shinikizo la risasi ya kawaida ya marisau ya geji 12 linaruhusiwa kufika bar 740 kwa viwango vya Ulaya. Kitu chochote kilichoziba njia, hata donge la grisi, kinaweza kuufanya mtutu uvimbe.

Kuna herufi na namba za vidoti vidoti zimepigwa pembeni ya mwili wa chuma, mbaya kweli, zimeharibu urembo. Naweza kuzisawazisha?

Usiguse! Hizo si kasoro. Tanzania imo katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, inayotaka silaha ziwekewe alama zinapotengenezwa na zinapoingizwa nchini. Alama ya vidoti hupigwa kwa mashine juu ya chuma kilichokwisha kutiwa weusi, kwa hiyo huonekana kama jeraha. Kufuta au kubadili alama au namba ya silaha ni kosa la jinai, na kusema nilikuwa najaribu kuipendezesha hakutakusaidia kituoni.

Chini ya mitutu, ukiiondoa, unaweza kukuta mihuri mingine midogo: taji, nyota, herufi ndani ya duara. Hiyo huwa ya nyumba za majaribio, kama ya Birmingham huko Uingereza, Liège ya Ubelgiji au Gardone Val Trompia ya Italia, ambako mtutu hupigwa risasi yenye nguvu kuliko kawaida kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Mihuri iliyopigwa vibaya au kwa upande ni jambo la kawaida. Mimi binafsi huifurahia zaidi ya maua yaliyochongwa pembeni.

Mwuzaji anasema bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Ni kweli?

Maandishi hayo yamo ukutani katika nusu ya maduka ya nchi hii, lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haijafutwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Sheria hiyo inasema, kwa ufupi, kwamba anayeuza bidhaa kwa maelezo, na ndiyo biashara yake, anapaswa kutoa bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Lakini inaongeza kwamba kama mnunuzi aliikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha.

Hapo ndipo wengi wetu wa kusini tunapokwama. Mtu amesafiri zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, basi la kurudi ni la alfajiri, kibali kimemsumbua miezi. Anakabidhiwa bunduki, anaitazama kwa nusu dakika, anatia sahihi kwamba ameipokea ikiwa nzima. Mkwaruzo wa wazi juu ya mtutu ameshauachia. Kasoro iliyofichwa chini ya mbao au ndani ya mitutu bado anaweza kuidai.

Sheria hiyo ina jambo la pili la kukumbuka. Mnunuzi huhesabiwa ameikubali bidhaa akikaa nayo muda wa kutosha bila kusema anaikataa, au akiifanyia jambo ambalo mwenye mali tu ndiye angelifanya. Kupiga msasa ni jambo la namna hiyo. Kubadili kitako pia, na kuchonga jina lako pia. Ukishafanya hivyo umebaki, pengine, na haki ya kudai fidia au kupunguziwa bei, ila kuirudisha kumekuwa kugumu.

Mwuzaji akikaidi kabisa, malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Nenda na risiti ya EFD. Bila risiti hiyo utaanza kwa kueleza kwa nini huna.

Mwuzaji amekubali kunibadilishia. Basi nimpelekee tu anipe nyingine?

Haiendi hivyo, ingawa laiti ingekuwa friji mngemalizana mlangoni. Leseni yako imeandikwa kwa silaha fulani yenye namba fulani. Bunduki nyingine, hata ya aina ile ile, rangi ile ile, kutoka boksi la pili yake, ni silaha nyingine mbele ya sheria. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, umiliki na uhamishaji wote hupita kwa Msajili wa Silaha aliye chini ya Jeshi la Polisi. Ukibadilishana dukani kimya kimya, utarudi Liwale na bunduki usiyokuwa na leseni yake, huku ile uliyoiacha Dar es Salaam ikiendelea kusomeka kwa jina lako. Siku ikipatikana mahali pabaya, wewe ndiye utakayeulizwa.

Kwa hiyo anzia kwa ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya yako, kwa afisa anayeshughulikia silaha. Mweleze, mwonyeshe barua au ujumbe wa mwuzaji kwamba amekubali kubadilisha, na uulize utaratibu wa kubadili namba kwenye leseni. Inachosha, sikatai. Ndiyo sababu kwa kasoro ya sura tupu nashauri watu wengi wachukue punguzo na kubaki na bunduki yao.

Angalia pia mwuzaji anayetaka kukubadilishia kipande kimoja tu, mathalani mitutu peke yake. Kama mitutu ina namba, umebadili namba. Isitoshe mitutu ya bunduki nyingine haikai tu kwenye mwili usiokuwa wake. Hurekebishwa mmoja mmoja.

Punguzo la haki ni kiasi gani?

Hakuna kiwango kilichoandikwa. Njia ninayoipenda ni kuuliza fundi wa silaha mwenye leseni angetoza kiasi gani kurudisha sehemu hiyo kama ilivyokuwa, ukaanzia hapo. Mwuzaji naye anaweza kukupa risasi au mfuko mzuri wa kubebea badala ya fedha. Risasi zinahesabiwa na lazima ziwe ndani ya kiwango unachoruhusiwa, kwa hiyo mfuko ni rahisi zaidi. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe, na kasoro itajwe humo kwa maneno: ipo wapi, ina urefu gani. Siku utakapotaka kumwuzia mwenye kibali mwingine, karatasi hiyo itakuepusha na kutuhumiwa kwamba uliiangusha wewe.

Naishi Mtwara, fundi yuko Dar es Salaam. Naisafirishaje?

Kwa kujulisha. Kabla ya safari pita polisi wilayani, waeleze unaipeleka wapi, lini na kwa nini, na uchukue karatasi watakayokupa. Kwa basi, bunduki isiwe na risasi, iwe ndani ya mfuko wake uliofungwa. Ukisafiri na gari lako mwenyewe ni nafuu, kwa sababu basi lina utingo, mizigo ya korosho na mikono mingi. Kwa ndege, silaha haiingii na abiria. Hutangazwa mapema, hukaguliwa, na husafiri kwenye shehena. Piga simu kwa shirika la ndege siku kadhaa kabla, usifike uwanjani na habari mpya.

Na usiifunge kwenye pikipiki kwa mpira. Nusu ya mikwaruzo inayolaumiwa kiwandani imetoka kwenye keria ya bodaboda kati ya stendi na nyumbani.

Kijijini kwetu kuna mchonga vinyago hodari sana, mpingo anaufanya ulainike kama sabuni. Hawezi kuniondolea alama kwenye kitako?

Mkono wake siutilii shaka. Wachongaji wa Kimakonde wanajua mbao kuliko viwanda vingi vya bunduki. Shida ni mbili. Ya kwanza ni ya kisheria: ukarabati wa silaha ni kazi inayohitaji leseni ya fundi wa silaha, na kumwachia mtu asiye na leseni bunduki yako karakanani usiku kucha kunawatia matatani nyote wawili. Ya pili ni ya kazi yenyewe. Kitako kilichokwanguliwa milimita mbili pale kinapokutana na chuma hakirudi tena kukaa sawa, na mchongaji mzuri hupenda kukwangua mpaka aridhike.

Bonde dogo kwenye mbao, lile la nyuzi zilizobonyea bila kukatika, fundi wa silaha huliinua kwa mvuke. Lililokatika hubaki. Fundi wa kuchomelea naye usimpelekee kabisa, hata skrubu moja.

Nilishapiga risasi kumi kabla ya kuona kasoro. Nimepoteza haki?

Si lazima. Kwa kasoro ya nje ambayo jicho lingeiona siku ya kwanza, umejidhoofisha. Kwa ufa uliojitokeza baada ya kufyatua, risasi hizo ndizo ushahidi wako: acha kufyatua, hifadhi maganda, taja aina ya risasi ulizotumia. Uliza pia kama zilikuwa za urefu unaolingana na chumba. Chumba cha milimita 70 hakipewi risasi ya milimita 76, hata ikiingia, na mwuzaji atauliza hilo kwanza.

Kwa kuwa watu huuliza pembeni: leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Kuijaribu kwa swala wa porini Liwale ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Nimeamua kubaki nayo. Niitunze vipi ili alama isikue?

Futa kila baada ya kuishika, hata kama hukufyatua. Jasho ni maji ya chumvi, na alama za vidole hugeuka kutu zenye umbo la vidole hasa. Msimu wa korosho kuna jingine: mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi na huacha doa jeusi. Mtu aliyetoka kubangua asishike kitako mpaka anawe vizuri.

Mfuko wa ngozi au wa sponji ni wa kubebea tu. Ukiiacha bunduki ndani ya mfuko wiki mbili za masika, ngozi inavuta unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Iweke ndani ya kabati la chuma lililofungwa, bila risasi, na risasi zake mahali pengine penye kufuli. Zile pakiti ndogo za chembechembe za kukausha unyevu zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio zinasaidia kidogo, zibadilishe.

Anayeshuka kutoka Newala asubuhi ya ukungu na kuingia Mtwara mchana wa joto atakuta chuma kimetoa jasho. Aifungue ipate hewa, aifute, ndipo aihifadhi.

Oili chafu ya gari isitumike, ina asidi na chembe za chuma. Mafuta ya nazi na ya alizeti pia hapana. Kwa siku chache yanang'aa, halafu yanaganda na kunata mpaka kifyatulio kinakuwa kizito.

Siku ya kwenda kwa mwuzaji nibebe nini?

Leseni halisi, risiti, boksi na vilivyokuwemo vyote hadi funguo za vidomo (vipande vinavyofungwa mdomoni mwa mtutu), picha zilizochapishwa zenye tarehe, ujumbe mlioandikiana, karatasi ya polisi ya kuruhusu safari, na kitambulisho cha NIDA. Risasi ziache nyumbani. Ukifika, usiitoe bunduki kwenye mfuko mlangoni. Mwambie kwanza mhusika kwamba unayo na usubiri akuonyeshe meza ya kuiwekea. Mkikubaliana abaki nayo kwa ukaguzi, usiondoke bila hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha, tarehe, muhuri wa duka na jina la aliyeipokea, kisha nakala moja uipeleke kwa afisa wa silaha wa wilaya yako ukirudi.